Posho, Karo na Mkopo: Nani Alilipia Masomo ya Makerere?

Hapa kwetu Uganda, posho ni ugali. Kwa wenzetu wa Tanzania, posho ni fedha anazopewa mtu za kujikimu. Baba yangu mkubwa, aliyesoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipata posho zote mbili: ugali kwenye bwalo la bweni lake na shilingi za matumizi mfukoni. Karo hakulipa. Mimi nilipopata barua ya kujiunga na chuo, kitu cha kwanza tulichofanya nyumbani ni kuhesabu ng'ombe. Insha hii inajaribu kueleza jinsi tulivyotoka kwake kufika kwangu.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye vijana 14, wote wa kiume, waliofunzwa useremala, ujenzi na umakanika. Wanawake 6 wa kwanza waliingia mwaka 1945. Mwaka 1949 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Baada ya uhuru serikali ilibeba gharama karibu zote za mwanafunzi: masomo, chumba, chakula, nauli, hata pesa za vitabu. Sababu yake haikuwa huruma. Nchi ilihitaji madaktari, walimu na maafisa wa kushika nafasi za Waingereza, na mwanafunzi alihesabiwa kama mtumishi wa serikali aliye njiani.

Watu wengi husema kwamba zamani elimu ya juu ilikuwa bure. Naona msemo huo unaficha jambo. Ilikuwa bure kwa aliyeingia, na walioingia walikuwa wachache sana. Mkulima wa Karamoja au Kisoro ambaye mtoto wake hakumaliza hata shule ya msingi alilipa kodi iliyomlisha mtoto wa mwingine bwenini. Baba mkubwa mwenyewe hukubali hivyo, ingawa baada ya kunyamaza kidogo.

Mpango huo ulianza kuvunjika uchumi ulipovunjika. Utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata viliacha hazina tupu. Mabweni yalijaa kupita kiasi na vitabu vikaadimika. Serikali ya mwaka 1986 ilikuta chuo kinachotaka pesa ambazo hazipo, na Benki ya Dunia ilikuwa ikizishauri nchi za Afrika kupeleka fedha zaidi katika shule za msingi na kuwaachia wanafunzi wa vyuo sehemu ya gharama zao. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1989, nayo ilipendekeza kuchangia gharama.

Kwa hiyo posho zikaanza kukatwa. Wanafunzi waligoma, na Desemba 1990 polisi wakafyatua risasi chuoni. Wanafunzi 2 waliuawa. Ninaposoma habari hizi hushangazwa na udogo wa kilichogombewa: nauli na pesa za daftari. Lakini mtoto wa maskini ndiye aliyejua uzito wake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuzipata. Mwenye baba wa mjini angeweza kuvumilia.

Kuanzia mwaka 1992 chuo kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, kwanza katika masomo ya jioni. Kufikia mwisho wa muongo huo wanafunzi wa kujilipia walikuwa wengi kuliko wa serikali. Majengo yalikarabatiwa, mishahara ya wahadhiri ikaongezwa, na maelfu ambao zamani wangeachwa nje wakapata shahada. Profesa Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu mageuzi hayo, alilalamika kwamba chuo kiligeuzwa soko. Nakubaliana naye nusu. Bila soko hilo mimi nisingekuwa darasani. Lakini ndani ya soko hilo nafasi za serikali, kwa sababu hutolewa zaidi kwa alama, huchukuliwa mara nyingi na waliosoma shule ghali za sekondari. Aliyeweza kulipa husomeshwa, asiyeweza huambiwa alipe. Mgao wa nafasi za wilaya umesaidia, ila haujalimaliza jambo hili.

Mikopo ilichelewa kutufikia. Kenya iliianza mwaka 1974 na kuiundia bodi mwaka 1995. Bodi ya Tanzania ilianza kazi mwaka 2005. Sheria yetu ilipita mwaka 2014, na mwaka huohuo wa masomo wanafunzi wa kwanza wakakopeshwa. Mwanafunzi mpya anapaswa kuielewa vizuri kabla ya kuitegemea. Mkopo hulipia karo, ada nyinginezo za chuo na za utafiti, pamoja na vifaa vya wenye ulemavu. Kozi zinazopewa kipaumbele ni za sayansi. Urejeshaji huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe umepata kazi nzuri au bado unaitafuta. Na karo yenyewe haisimami mahali pamoja: mwaka 2019 wanafunzi wa Makerere, wasichana wakiwa mbele, waliandamana kupinga nyongeza ya asilimia 15 kila mwaka.

Jioni ile tulipomaliza kuhesabu ng'ombe, niliandika kwenye daftari karo ya mwaka mzima, ada ndogondogo ambazo nilizigundua mwishoni kabisa mwa barua, na kiasi ambacho mkopo ungelipia. Nikamwonyesha baba mkubwa nikidhani nimemaliza. Alisoma mstari kwa mstari, akanirudishia daftari.

"Chumba utalala wapi?" akauliza. "Na posho je?"

Sikujua anauliza ipi. Nikafungua ukurasa mwingine, nikaandika zote mbili.