Amadou Hampâté Bâ: Mrithi wa Neno la Mwalimu

Walimu wenzetu, mara nyingi tunapotumia neno "mrithi" humkusudia mtu aliyeachiwa nyumba, shamba au kiti. Hata katika mambo ya dini, mrithi wa shehe huwa ni yule aliyekabidhiwa zawiya pamoja na wafuasi wake. Lakini yuko mwanafunzi mmoja wa Afrika ya Magharibi ambaye hakuachiwa hata kimoja katika hivyo. Mwalimu wake alifariki zawiya ikiwa imefungwa na wanafunzi wametawanyika. Pamoja na hayo, lau si mwanafunzi huyo, leo tungalijua machache sana juu ya mafundisho ya mwalimu yule. Mwanafunzi ni Amadou Hampâté Bâ, na mwalimu ni Tierno Bokar wa Bandiagara, katika nchi ya Mali. Tumeonelea kuyaeleza maisha yake hapa kwa kuwa yanatuuliza sisi tufundishao swali zito: mwanafunzi humrithi mwalimu wake kwa jambo gani?

Yafaa tuanze na mwalimu. "Tierno", katika lugha ya Kifulani, maana yake ni mwalimu. Bokar alizaliwa Ségou mnamo mwaka 1875, katika ukoo wa Tall, ukoo wa El Hadj Umar, yule mwanachuoni na mpiganaji aliyeieneza tarika ya Tijaniya katika nchi zile hadi alipokufa mwaka 1864. Wafaransa walipoiteka Ségou mwaka 1890, jamaa zake walihama, na hatimaye wakafanya makao Bandiagara. Huko Bokar alijifunza kazi ya kutarizi nguo, akasoma elimu ya dini, kisha akafungua chuo nyumbani kwake.

Alifundisha kwa Kifulani, lugha ya watu wake. Kwa wale wasiojua herufi za Kiarabu, alichora nukta na mistari mchangani, na kwa michoro hiyo akawaeleza misingi ya imani, hatua baada ya hatua, hata mzee asiyewahi kushika kalamu aliweza kuihifadhi. Yasimuliwa kwamba siku moja, katikati ya somo, kinda la mbayuwayu lilianguka kutoka kiotani likawa linalia. Wanafunzi hawakulijali, walikuwa wamezama katika elimu ya Mungu. Tierno alilisitisha somo, akakitengeneza kiota kilichopasuka, akalirudisha kinda mahali pake. Kisha akawaambia wanafunzi wake kwamba elimu yao ina kasoro kubwa, maana mtu asiyeguswa na kilio cha kiumbe dhaifu hajafaidi kitu kwa vitabu vyote alivyosoma.

Huyu ndiye mwalimu aliyempokea Amadou. Mtoto huyu alizaliwa Bandiagara mnamo mwaka 1900, akafiwa na baba yake angali mdogo, akalelewa na mama yake, Kadidja, na baba wa kambo. Nyumba yao ilikuwa na urafiki mkubwa na Tierno, hivyo Amadou alianza kusoma Kurani mbele yake. Jioni aliwasikiliza wasimulizi wa hadithi, na kwa kupenda kuzisimulia tena alipewa jina la utani la Amkoullel, yaani Koullel mdogo, kwa kumfananisha na msimulizi mmoja mashuhuri wa mji ule.

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimchukua kwa lazima kumtia katika shule ya Kifaransa. Mama yake alitaka kumkomboa, kwa hofu kwamba shule ile ingempoteza mwanawe. Tierno ndiye aliyemshauri amwache aende. Tulitafakari jambo hili: mwalimu wa dini, wa ukoo ulioshindwa vitani na Wafaransa, anamtoa mwanafunzi wake mpenzi kwa mikono yake mwenyewe ili akajifunze maandishi ya wale waliomshinda. Haikosi aliona kuwa elimu haina mipaka. Na maandishi yale yale ndiyo yaliyokuja baadaye kulihifadhi neno lake.

Mwaka 1921 Amadou alifaulu kuingia chuo cha ualimu cha Gorée, lakini mama yake akakataa asiende mbali vile. Wakuu wa serikali walimwadhibu kwa kumpeleka Ouagadougou kuwa karani wa cheo cha chini kabisa. Akakaa katika nchi ya Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, kwa miaka kumi hivi, akipanda ngazi za ukarani, huku sikio lake likiwa wazi kwa wazee wa kila mahali alipopita. Mwaka 1933 aliomba likizo ya miezi sita. Hakuitumia kwa kustarehe wala kufanya biashara. Alirudi Bandiagara, akakaa miguuni pa Tierno akisikiliza na kuandika. Mwalimu hakuacha kitabu chochote kwa mkono wake. Daftari za miezi ile sita ndizo zilizokuwa kitabu chake. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na neno la mwalimu nalo ni mali.

Haukupita muda mrefu, ukaja mtihani. Wafuasi wa Tijaniya walikuwa wamegawanyika juu ya idadi ya kukariri dua moja katika nyiradi zao: wengine walisema mara kumi na moja, wengine kumi na mbili. Ugomvi huo wa tasbihi uligeuka kuwa ugomvi wa koo na wa siasa. Ukoo wa Tall ulishika kumi na mbili. Wa kumi na moja walimfuata Shehe Hamallah wa Nioro, ambaye Wafaransa walimshuku na kumhamisha mara kwa mara, hata akafia uhamishoni Montluçon, Ufaransa, mwaka 1943. Mwaka 1937 Tierno alisafiri hadi Nioro, akamsikiliza Hamallah kwa masikio yake, akaridhika kuwa ni mtu wa haki, akashika kumi na moja. Aliporudi Bandiagara, jamaa zake walimtenga na wanafunzi wakaondolewa kwake. Miaka michache baadaye akafariki katika upweke huo, bila kuwachukia waliomtenga.

Amadou alimfuata mwalimu wake katika uamuzi huo, na kwa hiyo naye akatiliwa shaka na serikali. Aliokolewa na mwanachuoni wa Kifaransa, Théodore Monod, aliyemwita mwaka 1942 kufanya kazi Dakar katika taasisi ya utafiti wa mambo ya Afrika. Huko mazoea yake ya kusikiliza yakawa ndiyo kazi yake. Mwaka 1955, pamoja na Jacques Daget, alitoa historia ya dola ya Wafulani wa Macina, iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee. Mwaka 1957 kikatoka kitabu juu ya Tierno Bokar mwenyewe.

Hapa hatuna budi kuwa wakweli. Kitabu kile kiliandikwa kwa Kifaransa, na mwandishi mwenziwe, Marcel Cardaire, alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na mambo ya Waislamu. Msomaji aweza kuuliza: neno lililosemwa kwa Kifulani, likaandikwa kwa lugha ya mtawala, pamoja na mtu wa mtawala, labaki kuwa neno la mwalimu? Twaonelea kuwa swali hilo ni la haki. Lakini Amadou hakukifanya kitabu kile kuwa mwisho wa kazi. Mwaka 1980, baada ya ukoloni kuondoka, alikitoa upya kwa jina lake peke yake, akiwa amekiandika tena na kukipanua. Mtunza amana huirudia amana yake akaihesabu tena; mwenye kujipatia sifa tu angaliridhika na chapa ya kwanza.

Ndipo tunapoelewa maneno aliyoyatoa mbele ya UNESCO mwaka 1960, yaliyoenea hata yakawa kama methali: kwamba barani Afrika kifo cha mzee ni sawa na maktaba iliyoungua. Wengi huyataja pasipo kujua kuwa msemaji alikuwa amekwisha kuona maktaba moja ikizingirwa na moto, akaingia na kuokoa alichoweza. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1970 alikuwa katika Halmashauri Kuu ya shirika hilo, akitetea masimulizi na lugha za Kiafrika. Yeye mwenyewe alitunga mashairi kwa Kifulani. Alifariki Abidjan mwaka 1991. Mwaka 2004 maisha ya Tierno Bokar yalichezwa jukwaani na kundi la Peter Brook, mbele ya watu ambao wengi wao hawakupata kulisikia jina la Bandiagara.

Basi, mwanafunzi humrithi mwalimu wake kwa jambo gani? Kwa maisha ya Amadou tunajibu: kwa kusikiliza mwalimu angali hai, kwa kusimama naye watu wanapomkimbia, na kwa kulifikisha neno lake kwa wale wasiomwona. Sisi tufundishao Kiswahili tunao wazee wenye utenzi, visa na maana za maneno ambazo hazimo katika kamusi yoyote. Miezi sita ya likizo ni mingi, pengine hatuipati. Lakini alasiri moja na daftari moja hatuzikosi.