Miaka 23 ya Kuisubiri Seva

Brendan Eich alipoiunda JavaScript kule Netscape mwaka 1995, aliipa saa bila kuipa mdomo. Programu iliweza kusubiri sekunde kadhaa kwa setTimeout, lakini kuiuliza seva jambo bila kupakia ukurasa wote upya haikuweza.

Mdomo uliletwa na Microsoft. Watengenezaji wa Outlook ya wavuti walitaka barua mpya ziingie chinichini, na Machi 1999 Internet Explorer 5 ikatoka na chombo kinachojulikana leo kama XMLHttpRequest. Kikomo cha kusubiri hakikuwemo. Seva ikinyamaza, mtumiaji alibaki akitazama alama ya kupakia ikizunguka.

Gmail na Google Maps zilipoueneza mtindo huo wa kuiuliza seva chinichini, watu walijisaidia wenyewe. Uliweka setTimeout ya milisekunde 8000 kando ya ombi; jibu likichelewa, abort() inalikata; likiwahi, clearTimeout inaizima saa. Ole wako usahau hiyo clearTimeout: mtu alioneshwa ujumbe wa hitilafu huku jibu lake limeshafika zamani. Mwaka 2009 Internet Explorer 8 ikakiweka kikomo ndani ya chombo chenyewe. Firefox na Chrome zilifuata miaka kadhaa baadaye.

Halafu, ajabu, fetch, njia mpya ya kutuma maombi, ikaja mwaka 2015 bila kikomo wala njia ya kughairi! Ujanja uliovuma ni Promise.race, yaani kushindanisha ombi na saa. Saa ikishinda, programu inaendelea na mambo yake, ila ombi halijakatwa. Linaendelea kula bando la mtumiaji.

Ubishi kuhusu kughairi ulikuwa mkali. Promise moja, yaani ahadi ya jibu litakalokuja, huweza kusubiriwa na sehemu nyingi za programu, sasa nani ana haki ya kuikatisha? Pendekezo la kuzifanya zighairike liliondolewa mbele ya TC39, kamati inayosimamia lugha ya JavaScript, mwaka 2016. AbortController ya mwaka 2017 ilikwepa swali hilo kwa werevu: rungu hubaki kwa aliyetuma ombi, fetch hupewa ishara tu ya kusikiliza. Mwaka 2022 vivinjari vikaanza kupokea AbortSignal.timeout(8000), na kazi yote ikaingia mstari mmoja.

Hata hivyo, kivinjari kikikata tamaa, seva huenda bado inachapa kazi. Kwenye malipo hilo ni balaa, ndiyo maana Stripe hupokea ufunguo wa pekee pamoja na ombi, ili likirudiwa mteja asikatwe pesa mara mbili.