Siti Akisomwa Suneka: Upokezi wa Wasifu wa Mwimbaji Tangu 1958

Makala haya yanatokana na nakala moja ya kitabu. Kitabu chenyewe ni Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert, na nakala ninayoizungumzia niliiacha Suneka, soko lililo kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Rongo na Migori, mikononi mwa mwalimu mmoja wa shule ya upili. Mwalimu aliiazimisha, aliyeazimwa akaiazimisha tena, na iliponirudia baada ya mwaka na zaidi ilikuwa imepoteza jalada la nyuma. Badala yake ilikuwa imepata kitu ambacho vitabu vya maktaba havikipati kwa urahisi: maoni ya wasomaji, kwa penseli na kwa kalamu za rangi tatu, pembezoni mwa kurasa. Baadaye niliwatafuta walioandika, nikazungumza na wengi wao. Sikuwa na hojaji wala sampuli, na mtaalamu wa takwimu hatapata lolote hapa. Lakini wahakiki wa Kiswahili tumezoea kunena kwa niaba ya msomaji pasipo kumwuliza, na nilipomwuliza huyu wa Suneka alinilazimisha kuacha jambo moja nililokuwa nikilifundisha kwa miaka.

Nianze na historia ya kitabu, maana bila hiyo maandishi ya pembezoni hayaeleweki. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wasimame. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba kwa kufuatana na udi, akajiunga na kundi la wanamuziki wa kiume. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huohuo mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya kusimamia usanifishaji haikuundwa mpaka 1930. Basi wakati wataalamu wakijadiliana jinsi Kiunguja kitakavyofikishwa bara, Kiunguja cha Siti kilikuwa tayari kikisafiri ndani ya masanduku ya sahani. Historia zetu za lugha hazimpi nafasi anayostahili katika jambo hili, ila hiyo ni makala nyingine.

Shaaban Robert alizungumza na Siti alipokuwa anakaribia mwisho wa maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu ulitoka mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Wasomaji wake wa kwanza, kwa hiyo, hawakuwa watu waliocheza kwa nyimbo za Siti. Walikuwa walimu, maofisa na wanazuoni wa lugha, na walichokitafuta ni mfano wa nathari bora. Hawa waliusoma wasifu kwa ajili ya Shaaban.

Kizazi cha pili kiliusoma kwa ajili ya Siti. Mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kiliita Sauti ya Siti, na mwimbaji wa Fumba akawa ishara ya mwanamke anayesema hadharani. Kisha Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), aliziweka nyimbo zenyewe na kumbukumbu za wazee wa Unguja kando ya maandishi ya Shaaban. Siti anayetokea humo ni mkali zaidi: anawasimanga matajiri, anazikosoa mahakama, na katika wimbo wa Kijiti anasimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na rafiki wa marehemu wakabebeshwa lawama. Baada ya kazi hiyo imekuwa desturi katika madarasa yetu, langu likiwamo, kusema kwamba Shaaban alimsafisha Siti: alimvika maadili, akapunguza utumwa katika nasaba yake, akamgeuza msanii mbishi kuwa kielelezo cha bidii na subira.

Nilikwenda Suneka nikiwa na hukumu hiyo mfukoni.

Wasomaji waliopita shuleni walinithibitishia nusu yake. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, kijana wa Gusii, ambaye nyumbani husema Ekegusii, amekutana na fasihi ya Kiswahili kwanza kama swali la mtihani. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alieleza kwamba kila msomaji huja na upeo wa matarajio uliojengwa na alivyokwisha kuvisoma. Katika nakala yangu upeo huo unaonekana kwa macho. Misemo yote imepigiwa mstari. Pembeni imeandikwa “bidii”, “subira”, “funzo”, na penye tashibihi pameandikwa “tash.” kama mtu anayejiandaa kwa karatasi ya tatu. Msomaji wa aina hii hana ugomvi wowote na Shaaban. Amefundishwa kutafuta mafunzo, na Shaaban humpa mafunzo katika kila ukurasa.

Mpiga gita mmoja, anayepigia bendi za mjini Kisii siku za Ijumaa na Jumamosi, aliruka karibu sura zote akaenda moja kwa moja Bombay. Hapo aliandika kwa kalamu nyekundu: “Tabia tumeelewa. Malipo je?” Nililicheka swali hilo nilipoliona. Sasa nadhani ni swali zito kuliko mengi tuliyochapisha sisi. Shaaban anatueleza heshima ambayo safari ile iliwaletea wanamuziki. Mkataba uliowapeleka haumshughulishi. Mpiga gita, ambaye anajua kurekodiwa bila kulipwa ni nini, alihisi pengo hilo kabla hajafika mwisho wa ukurasa.

Mzee mmoja wa kanisa yeye alilalamika kwamba katika kitabu kizima anayesifiwa hana kosa hata moja. “Hata Daudi alikuwa na makosa yake, na yameandikwa,” aliniambia. Mhakiki wa chuo kikuu angehitaji kurasa kumi kulisema hilo.

Usomaji ulionishinda ni wa mwanamke mzee, omong'ina kama wanavyoitwa kwa heshima huko, ambaye ameimba katika harusi na matanga ya eneo hilo tangu ujana wake. Hasomi Kiswahili. Mjukuu wake alikisoma kitabu kwa sauti jioni baada ya jioni, akikifasiri kwa Ekegusii kadiri alivyokwenda, na maoni ya bibi aliyaandika yeye kwa penseli. Maoni hayo yote yamo katika muundo mmoja: “Siti anasema.” Si Shaaban anasema. Panapotajwa masimango ambayo washindani walimtupia Siti kwa ufukara wa alikotoka na kwa sura yake, mjukuu ameandika: “Nyanya anasema hata yeye.” Na kurasa chache mbele: “Nyanya anauliza mtoto wa Siti alibaki na nani.”

Kwa istilahi za kitaaluma, omong'ina aliusoma wasifu kama tawasifu. Philippe Lejeune, katika Le pacte autobiographique (1975), anashikilia kwamba tawasifu ni mapatano kati ya mwandishi na msomaji: jina la jaladani, sauti inayosimulia na mtu anayesimuliwa ni mmoja. Kitabu cha Shaaban hakitoi mapatano hayo. Shaaban alijua vyema tofauti ya tanzu hizi mbili, kwani maisha yake mwenyewe aliyaandika katika Maisha Yangu. Hata hivyo msikilizaji wa Suneka alifanya mapatano na Siti akimpita mwandishi kichwani. Nilipomweleza kwamba mwandishi ni mwanamume wa Tanga aliyekwenda kumhoji, hakushangaa hata kidogo. “Basi ni ndugu yake aliyesimama kumsemea barazani,” alisema, “na mtu akikusemea barazani hasemi kila kitu.”

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niipitie upya hukumu yangu. Tumemsoma Shaaban kama mtu anayehubiri katika chumba kitupu. Omong'ina alimsikia akijibu mashtaka. Mwanamke mwenye kuimba mbele ya wanaume kwa malipo hushtakiwa kabla hajafungua kinywa, Unguja ya 1920 na Suneka ya leo vilevile. Mwimbaji huyu alinitajia majina aliyoitwa, na sitayaandika hapa. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, maneno kama staha, uaminifu na subira yana kazi ya ushahidi. Yanajibu tusi mahususi. Wahakiki tunaosema kwamba maadili yanamfunika Siti hatujawahi kuhitaji mtu wa kututetea jina. Siwezi tena kufundisha kwamba Shaaban alimsafisha tu. Alimtetea, na utetezi una sheria zake, mojawapo ikiwa kunyamazia yale ambayo upande wa pili ungeyatumia.

Hata hivyo sitaki kumfanya omong'ina kuwa mhakiki asiyekosea. Alikosea kwa kudhani kwamba sauti ni ya Siti kweli, na kosa hilo lina gharama. Linganisha na vitabu vya waimbaji wa kwingineko vilivyoandikwa kwa mikono miwili. Lady Sings the Blues ya Billie Holiday (1956) iliandikwa na William Dufty, lakini husema “mimi” tangu mwanzo, na wasomaji wamebishana tangu hapo kuhusu usahihi wa mambo kadhaa yaliyomo. Miriam Makeba alisimulia Makeba: My Story (1987) akisaidiwa na James Hall. Tina Turner, malkia wa muziki wa roki, alitoa I, Tina (1986) pamoja na Kurt Loder, na humo sauti yake hupokezana na sauti za watu wengine waliomjua. Ni kitabu hicho kilichowafanya wasomaji wengi wajue kipigo alichokipata kwa mumewe na mwanamuziki mwenziwe, Ike. Vitabu hivi vyote vina matatizo ya nani hasa anasema. Lakini katika kila kimoja mwimbaji alikuwa hai kilipotoka, jina lake lilikuwa jaladani kama mwenye maneno, na msomaji aliyetilia shaka angeweza kumwuliza. Turner aliweza kusema jambo lililomwaibisha kwa sababu ni yeye aliyeamua kulisema. Siti alikuwa kaburini kwa miaka minane. Hatujui ni lipi kati ya aliyomwambia Shaaban lingebaki na lipi angelitaka liongezwe. Swali la omong'ina kuhusu mtoto (na Siti alikuwa na mtoto wa kike kabla ya kuhamia mjini) ni swali ambalo mwenye maisha yake pekee angelijibu kwa namna ambayo hakuna mtetezi angethubutu.

Kuna jambo la Gusii lenyewe ndani ya usomaji huu. Hapa maisha ya mwimbaji hayangoji kitabu. Mpiga obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, hujitaja jina katikati ya wimbo, akamtaja baba yake na kijiji chake, akalalamikia deni au mchumba, na hadhira huondoka ikijua habari zake. Omong'ina hufanya vivyo hivyo. Kwake yeye “Siti anasema” ni kanuni ya utanzu anaoujua: katika wimbo anayetajwa ndiye anayesema. Mjukuu alipofasiri kwa mdomo, nathari ya Shaaban ilirudi kuwa simulizi, na simulizi ikafuata sheria za nyumbani. Jauss hakuuzingatia upokezi wa namna hii, ambapo kati ya matini na msomaji kuna mtoto wa miaka kumi na minne akichagua maneno. Wala sisi hatujauzingatia, ingawa naamini vitabu vingi vya Kiswahili vijijini husikika kwa njia hii kuliko vinavyosomwa.

Lakini maisha yaliyomo katika wimbo huondoka na mwimbaji, au hubaki vipande vipande katika santuri na kanda. Marehemu Christopher Monyoncho aliusikizisha muziki wa Ekegusii kwa miongo, na hata msomaji anayemjua kwa wimbo wake mmoja tu atakubali kwamba alistahili kitabu. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaandika tasnifu juu ya tamathali katika nyimbo. Wachache wanakaa na mwenye nyimbo akiwa bado anaweza kusahihisha.

Niliporudi kuichukua nakala, nilimwomba omong'ina aniruhusu niandike habari zake. Alifikiri kwa muda, akamwita mjukuu aje asikilize kama shahidi. Kisha akanipa sharti: nitakachoandika asisomewe mtu mwingine yeyote kabla hajasomewa yeye, kwa Ekegusii, chote, na penye uongo aweke alama. “Mwanangu,” alisema, “huyo Siti hakupewa penseli.” Nimekwenda kwake mara tatu kufikia sasa. Katika kurasa thelathini nilizoandika ameweka alama kumi na saba, na nyingi kati ya hizo zimo mahali ambapo nilimsifu.