Daftari la Wagonjwa wa Kuluva

Kusini ya mji wa Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ipo hospitali ya misheni iitwayo Kuluva. Si hospitali kubwa. Hata hivyo, mtu anayetaka kuieleza historia ya utafiti wa afya katika Afrika Mashariki hana budi apite hapo, na akipita hataulizia majengo wala mitambo, bali daftari la wagonjwa.

Aliyelitunza alikuwa daktari Mwingereza, Ted Williams, aliyefika West Nile mwaka 1941. Kila mtoto aliyeletwa na uvimbe wa taya aliandikwa: umri wake, kijiji chake, na wakati uvimbe ulipoanza. Ni kazi ile ile aifanyayo askari wa zamu anapoingiza tukio katika kitabu cha kituo. Haina sifa, na aghalabu siku ile hakuna aisomaye.

Uvimbe huo ulikuwa wa kutisha. Huweza kuwa maradufu kwa siku chache. Hulegeza meno, husukuma jicho, na mtoto asiyetibiwa hamalizi miezi mingi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alieleza kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumboni kwa watoto hao ulikuwa ugonjwa mmoja. Oktoba 1961, yeye, Williams na daktari wa tatu, Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakaelekea kusini mwa Afrika. Walisafiri wiki kumi, maili zipatazo 10,000, wakaulizia uvimbe huo katika hospitali zaidi ya 50. Walirudi na ramani: uvimbe ulifuata joto na mvua, haukupanda nyanda za juu zenye baridi, na mipaka yake ilikaribiana mno na mipaka ya malaria.

Daftari nalo likatoa ushahidi wake. Mwaka 1967 Williams na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa West Nile wa miaka 1961 hadi 1965. Wagonjwa hao hawakutawanyika ovyo. Walikaribiana kwa mahali na kwa wakati, kana kwamba kitu fulani kilipita vijijini kisha kikaondoka. Tayari mwaka 1964 huko London, Epstein, Achong na Barr walikuwa wameona kirusi kipya katika chembechembe za uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda. Lakini kumkuta mtu penye tukio si kuthibitisha kuwa ndiye mhalifu. Je, kirusi kilitangulia uvimbe, au kilikuja baadaye, kama mwizi wa pili aingiaye nyumba iliyokwisha kuvunjwa?

Hapo ndipo ilipohitajika taasisi ya umma. Kituo cha Entebbe kilianzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano, na mwaka 1950 kikawa taasisi ya virusi ya Afrika Mashariki nzima. West Nile haikuwa ngeni kwake: mwaka 1937 damu ya mwanamke mmoja wa Omogo, aliyekuwa na homa, ilitoa kirusi kilichopewa jina la wilaya hiyo, na ambacho mwaka 1999 kiliibuka New York. Dk. G. W. Kafuko wa Entebbe na wenzake walipima damu ya watoto wa West Nile. Kisha shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, likaongoza kazi kubwa zaidi. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 walitolewa damu, ikahifadhiwa katika baridi kali, na watoto wakafuatiliwa. Kazi hiyo haiwezekani kwa mgeni peke yake; humhitaji mtu wa kumweleza mama, kwa lugha ya mama huyo, kwa nini mtoto mzima achomwe sindano.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1978. Watoto 14 walikuwa wamepata uvimbe. Wenye dalili nyingi za kirusi hicho katika damu walikabiliwa na hatari mara 30 kuliko wenzao. Kirusi kilitangulia.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na Entebbe ikabaki taasisi ya Uganda pekee. Ufuatiliaji ulikoma mwaka 1979, mwaka wa vita. Mwaka 1980 mapigano yalirudi Arua na Koboko, na wakazi kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Mtoto aliyepimwa mwaka 1973 sasa aliweza kuwa ng'ambo ya mpaka, asikoweza kubisha hodi karani yeyote. Hasara ya namna hiyo haiingizwi katika taarifa za mapigano, ingawa yafaa iingizwe.

Baadaye taasisi ya Entebbe ilirudi Arua kwa kazi nyingine, ya kupambana na tauni. Miongoni mwa waliofundishwa kuitambua ni waganga wa jadi, kwa kuwa mgonjwa wa kijijini mara nyingi huanzia kwao, na tauni haisubiri.