Tukuyu Walipochukua Kombe



Ukitoka Mbeya mjini na kushika barabara ya Kyela, mwendo wa kilomita 70 hivi unafika Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe. Ni mji mdogo wa mvua nyingi, migomba na chai. Mwaka 1986 timu ya mji huo, Tukuyu Stars, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Simba na Yanga, vigogo wa soka la nchi hii, waliachwa wakitazamana.

Jambo hilo si dogo. Ligi ya Bara ilianza mwaka 1965. Tangu wakati huo ni timu nne tu za nje ya Dar es Salaam zilizowahi kuwa mabingwa wake: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000. Baada ya hapo, hadi msimu wa 2024/25, kombe halikutoka tena Dar es Salaam.

Itazame orodha hiyo kwa makini. Mseto mara moja. Tukuyu mara moja. Coastal mara moja. Ni Mtibwa peke yake iliyorudia, tena mfululizo. Kwa nini?

Wapo wanaodai kwamba mikoani hakuna vipaji. Hoja hiyo haisimami. Sekilojo Chambua, kiungo aliyeng'ara Yanga na katika timu ya Taifa, alitoka Tukuyu Stars. Vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya kuvitunza. Nyuma ya Mtibwa kulikuwa na kiwanda cha sukari. Timu ya wananchi katika mji mdogo hutegemea viingilio vya mlangoni na michango ya wapenzi, na mashabiki wa mji mdogo, hata wakijaa wote uwanjani, hawawezi kulingana na wa Dar es Salaam.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini akicheza kwao asitunzwe, atakwenda anakotunzwa. Hatuwezi kumlaumu kijana mwenye wazazi na wadogo wanaomtegemea akiitikia wito wa timu kubwa. Wala kiwanda si kinga ya milele: Mtibwa yenyewe ilishuka daraja mwaka 2024, ikarejea mwaka 2025.

Basi viongozi wa timu za wilayani wajifunze nini? Wasihangaike kuwazuia wachezaji kwa maneno ya uzalendo. Wawape mikataba iliyoandikwa vizuri, wawe na timu za vijana, na hesabu zao zisomwe mbele ya wanachama. Mchezaji mwenye mkataba akinunuliwa, huacha fedha za kuwalea wengine watatu. Asiye na mkataba huondoka na viatu vyake, na klabu hubaki na picha ukutani.

Kuondoka kwa mchezaji si msiba. Msiba ni kuondoka bure. Tukuyu walithibitisha kwamba mji mdogo unaweza kulichukua kombe. Kazi iliyobaki ni kuonyesha kwamba unaweza pia kukaa nalo.