Kiwanjani, Isiolo: Shule Moja, Mahakama Tatu



Vijana wetu wengi wa Meru na Embu wakiulizwa juu ya kesi ya hijabu, jibu huwa moja tu: "Si tulishindwa kotini?" Wengine watakwambia ati Mahakama ya Juu ilipiga hijabu marufuku katika shule zote za Kenya. Sio kweli. Na kwa vile kesi yenyewe ilianzia kwa majirani zetu wa Isiolo na kusikizwa kwanza hapa hapa Meru mjini, ni aibu sisi kuisimulia vibaya. Hebu basi tuirudie tangu mwanzo, tena tuanze mbali kidogo, kwa sababu ukiingia mahakamani bila kujua hii shule ilitoka wapi hutaelewa kwa nini watu waligombana.

Shule yenyewe ni St. Paul's Kiwanjani Day Mixed Secondary School. Jina lote hilo lina maana. St. Paul's, kwa sababu mdhamini ni Kanisa la Methodist. Kiwanjani, kwa sababu ya kiwanja cha ndege cha Isiolo, ambacho njia yake ya kurukia ndege imekalia mpaka wa Isiolo na Meru, mpaka ambao hadi leo watu wanauvutania. Day, yaani mtoto anasoma na kurudi kwao jioni. Mixed, wavulana kwa wasichana. Kwa mji kama Isiolo hayo mawili ya mwisho si madogo. Mzazi ambaye hana karo ya bweni, au ambaye hataki binti yake alale mbali na macho ya mamake, shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani ndiyo inayomfanya amruhusu msichana aendelee na sekondari. Bila shule kama hizo, wengi wangebaki nyumbani au wangeolewa mapema.

Sasa, Wamethodist walifikaje huko? Hawa ni watu waliotokea pwani. Misheni yao ya kwanza ilikuwa Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, chini ya Thomas Wakefield. Walitamani sana kuwafikia Waoromo, ndio maana miaka ya 1880 wakajenga Golbanti kando ya Mto Tana. Huko mambo yaliwaendea vibaya, wamishenari waliuawa katika uvamizi wa mwaka 1886. Kama mwaka 1912 hivi wakapanda Meru na kukita mizizi Kaaga. Kutoka Kaaga zikaja shule, hospitali ya Maua, na baadaye Chuo Kikuu cha Kenya Methodist, kilichopata hati yake rasmi mwaka 2006 na ambacho Waislamu wengi wamesomea. Ni vizuri tuseme ukweli: elimu ya Meru ukiondoa misheni hubaki na kidogo sana. Katika Embu ni hivyo hivyo, isipokuwa huko walikuwa Waanglikana na Wakatoliki.

Lakini ukweli una upande wa pili. Zama za ukoloni, shule ya misheni ilikuwa mlango wa kanisa. Wazee wetu wa majengo, wale Waswahili, Wanubi na Wasomali waliokaa katika miji hii kama askari wastaafu na wachuuzi, waliogopa kupeleka watoto wakarudi na majina mapya. Kwa hivyo waliwapeleka chuoni kwa maalim wakasoma Qur'ani, na masomo ya dunia yakawapita. Isiolo ilikuwa na shida zaidi. Ilikuwa ndani ya Northern Frontier District, eneo lililofungwa, kuingia na kutoka kwa kibali. Uhuru ulipokuja ukaja na vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu wakakusanywa kambini na mifugo yao ikaangamia. Mtu aliyepoteza ngamia zake zote hafikirii karo.

Mwaka 1968 Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu. Serikali ikachukua uendeshaji wa shule na kuwalipa walimu, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Shule ni ya nani? Mshahara unatoka serikalini, wanafunzi wanatoka kila nyumba, lakini jina langoni ni la mtakatifu na padre au kasisi yuko ndani ya bodi. Kwa miaka mingi, wakati Isiolo na Meru na Embu zote zilikuwa Mkoa wa Mashariki na wakubwa wa elimu wakikaa Embu mjini, swali hilo lilimalizwa kimya kimya. Mwalimu mkuu akiwa muelewa, wasichana walijifunika. Akiwa mkali, walivua kitambaa langoni na kukivaa tena jioni. Wasomaji wengi wa kike wa gazeti hili wanajua ninachosema.

Na hapa niwe muadilifu: uhai wa shule hizi haukuwa ugomvi kila siku. Ukumbuke Ramadhan za 2002 hadi 2005, ambazo ziliangukia Oktoba na Novemba, msimu wa KCSE. Waislamu waliokuwa fomu foo miaka ile walifanya mitihani wakiwa wamefunga, wakitoka chumba cha mtihani mchana wa jua kali. Mabweni mengi ya shule za kanisa yalikuwa na mpishi aliyewawekea Waislamu chakula cha daku bila kuandikiwa barua na mtu. Mambo ya namna hiyo hayaingii katika mafaili ya koti.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Cha 27 kinakataza ubaguzi, wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dini na kuidhihirisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo ikasema mdhamini ana kazi ya kukuza mambo ya kiroho shuleni, ila alinde na imani za wengine. Watu wakaanza kusoma vifungu na kuuliza maswali. Msichana wa Kenya High School jijini Nairobi alikwenda mahakamani kuomba hijabu, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikamkatalia. Kwa hivyo Kiwanjani haikuwa ya kwanza.

Juni 2014, siku ya kutoa zawadi katika shule ya Kiwanjani, naibu gavana wa Isiolo aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya sare yao ya kawaida. Siku ya zawadi! Siku ya wazazi kupigia makofi watoto waliofanya vizuri, na hapo hapo likazaliwa jambo la kufika mpaka mahakama ya juu kabisa nchini. Maafisa wa elimu wa kaunti wakalichukua ombi na kulifanya agizo. Kanisa likakataa. Likasema sare iko katika masharti ambayo kila mzazi alikubali siku ya kumuandikisha mtoto, na kwamba kuruhusu kundi moja kuvaa tofauti ni kuwagawanya wanafunzi na kuwaonyesha wengine kuwa wao si chochote.

Tusisahau hali ya nchi wakati ule. Mwezi huo huo wa Juni 2014 watu zaidi ya 60 walikuwa wameuawa Mpeketoni. Aprili ya mwaka ule vijana wa Eastleigh walikuwa wamesombwa hadi uwanja wa Kasarani. Isiolo yenyewe ilikuwa bado na majeraha ya mapigano ya mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012 kati ya jamii zake. Kitambaa cha kichwani, ambacho mwaka mwingine kingekuwa kitambaa tu, mwaka ule kilikuwa kinabeba hofu ya watu wengi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa mambo hayakumalizwa kwa kikao cha wazazi na chai.

Kanisa likaenda Mahakama Kuu, Meru. Walioshtakiwa walikuwa upande wa serikali: Tume ya Kuajiri Walimu na maafisa wa elimu. Mzazi mmoja Muislamu akaomba kuingia katika kesi kama mtu mwenye maslahi, na ndani ya hati yake ya kiapo akaweka madai yake mwenyewe kwamba binti zake wanabaguliwa. Kumbuka hiyo hati, tutairudia. Tarehe 5 Machi 2015 Jaji Harun Makau akaamua upande wa kanisa. Kuruhusu hijabu, alisema, ni kuwapendelea wanafunzi wa dini moja dhidi ya wengine. Haikupita hata mwezi, Aprili 2, wauaji wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakafa. Fikiria basi msichana wa Kiwanjani aliyetembea barabarani na buibui wiki ile.

Mzazi hakukata tamaa. Rufani ikasikizwa Nyeri na majaji watatu, Philip Waki (ndiye yule yule wa bahasha ya Waki), Roselyn Nambuye na Patrick Kiage. Hakuna Muislamu kati yao. Septemba 2016 wakaipindua hukumu ya Meru. Hoja yao ni rahisi hata mtoto anaielewa: sheria inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumuumiza mmoja peke yake. Ukisema "hakuna kufunika kichwa" Mkristo hapotezi kitu, Muislamu anachaguzwa kati ya dini yake na masomo yake. Huo ndio ubaguzi usio wa moja kwa moja. Walitegemea pia kesi ya Afrika Kusini ya mwaka 2007, ambapo msichana wa asili ya Kihindi aliruhusiwa kuvaa kipini puani katika shule ya wasichana ya Durban. Wakaamuru bodi ya shule ikae na washikadau, ibadilishe kanuni za sare, iweke nafasi ya wale ambao dini yao inawadai mavazi fulani. Misikiti mingi ilifurahi mno siku ile, na mwaka uliofuata, 2017, mahakama hiyo ya Rufani ikawapa Waadventista wa Sabato haki yao ya Jumamosi shuleni. Yaani mlango uliofunguliwa na hijabu, wengine nao waliupitia.

Sio kila nchi ilikwenda njia hiyo. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kuondoa hijabu katika shule za serikali. Uingereza, msichana wa Luton alishinda mwaka 2005 na kushindwa mwaka 2006 mbele ya House of Lords. Lakini wengi wetu tunaitaja kesi hiyo vibaya: shule yake ilikuwa tayari inaruhusu kitambaa cha kichwa na shalwar kameez, yeye alitaka jilbabu.

Kanisa nalo likakata rufani. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ya Nyeri. Na sasa turudi kwenye ile hati ya kiapo. Majaji wengi walisema mtu aliyeingia katika kesi ya wengine kama mwenye maslahi hawezi kuleta madai yake mapya humo. Angefungua kesi yake kwa njia inayofaa. Kwa kuwa madai yaliingia kwa mlango usio wake, hukumu iliyojengwa juu yake haikuweza kusimama. Swali lenyewe, je, mwanafunzi Muislamu ana haki ya kujifunika shuleni, hawakulijibu. Walisema wazi kwamba ni jambo zito na anayetaka kuliendeleza alipeleke Mahakama Kuu upya. Jaji Jackton Ojwang hakukubaliana na wenzake. Kesho yake magazeti yakaandika kwa herufi kubwa kwamba shule zimeruhusiwa kukataza hijabu, na hiyo ndiyo habari iliyobaki vichwani. Tulipoteza kwa utaratibu, na tangu hapo tunatembea kama waliopoteza haki. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na kijana anayesomea sheria ajue hivyo kabla ya kumwambia dada yake akae nyumbani.

Mwaka huo huo, msichana wa Rastafari aliyefukuzwa Olympic High School, Kibera, kwa sababu ya nywele zake, alifungua kesi yake kwa njia iliyo sawa. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita akampa ushindi, akasema nywele zile ni sehemu ya imani yake.

Na Kiwanjani? Kengele iliendelea kulia asubuhi. Kesi ilidumu zaidi ya miaka minne, na maisha ya sekondari wakati huo yalikuwa minne. Msichana aliyekuwa fomu wani siku ile ya zawadi alikaa KCSE mwishoni mwa 2017. Hukumu ya mwisho ilipotoka Januari 2019, yeye alikuwa ameshamaliza shule zaidi ya mwaka mzima.