Swali la Ngidi: Tafsiri ya Kizulu na Uhakiki wa Biblia katika Karne ya Kumi na Tisa

Historia ya uhakiki wa Biblia aghalabu huandikwa kana kwamba yote yalitendeka katika vyuo vikuu vya Ulaya. Hutajwa Julius Wellhausen wa Ujerumani, hutajwa Abraham Kuenen wa Leiden, na msomaji huachwa aamini kwamba Afrika ilipokea tu matokeo ya ubishi huo, tena kwa kuchelewa. Makala haya yanachunguza tukio moja lisilokubaliana na maelezo hayo. Tukio lenyewe lilizuka katika kazi ambayo wanaisimu wanaifahamu vyema: kukaa na mwenye lugha yake na kutafuta neno linalofaa.

John William Colenso, aliyezaliwa Cornwall mwaka 1814, alikuwa mwanahisabati kabla ya kuwa askofu, na vitabu vyake vya hesabu vilienea katika shule za Uingereza. Aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Natal mwaka 1853, akaanzisha kituo cha Ekukhanyeni karibu na Pietermaritzburg. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu. Kamusi yake ya Kizulu ilitoka mwaka 1861. Mwaka mmoja kabla ya hapo yalichapishwa masimulizi ya safari ya 1859 kwenda kwa Mfalme Mpande, yaliyoandikwa na Wazulu watatu wenyewe, miongoni mwao Magema Fuze na William Ngidi. Hata katika jambo la jina la Mungu, Colenso alishika njia yake. Wamisionari wengi walitumia uThixo, neno lililotoka kwa Wakhoi kupitia Kixhosa. Yeye alishikilia kwamba Wazulu walikwisha kuwa na majina yao, uNkulunkulu na uMvelinqangi, na kwamba haikuwa lazima kuwaazimia jingine.

Walipofikia habari za gharika katika kufasiri kitabu cha Mwanzo, Ngidi aliuliza kama hayo yote ni kweli: kwamba wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili, na Nuhu akawakusanyia wote chakula. Colenso, kwa maelezo yake mwenyewe, alihisi kwamba hawezi kumjibu ndiyo kwa jina la Bwana. Alijua jiolojia ya kutosha kutilia shaka gharika iliyofunika dunia nzima. Lakini kulijua jambo kimoyomoyo ni kitu kimoja, na kulitamka kwa Kizulu mbele ya mtu anayetazamia ukweli ni kitu kingine.

Pigo la pili halikuhusu sayansi. Ni ile sheria ya Kutoka 21 inayomwachilia bwana aliyempiga mtumwa wake ikiwa mtumwa huyo ataishi siku moja au mbili kabla ya kufa, kwa kuwa ni mali yake. Mzulu aliyekuwa akisaidia kuifasiri alichukizwa mno aliposikia kwamba maneno hayo ni ya Mungu yule yule mwenye rehema aliyefundishwa kumwabudu. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote, na wanahistoria wanaopenda kukirudia kile kichekesho cha safina hupapita upesi mno.

Kuanzia 1862 hadi 1879 Colenso alitoa uchunguzi wake wa Torati na kitabu cha Yoshua katika sehemu saba. Sehemu ya kwanza ni ya mwanahisabati. Kitabu cha Hesabu kinataja wanaume 603,550 wa kwenda vitani; ua wa hema ulikuwa mikono 100 kwa 50. Mtu akigawanya, kila mkono mmoja wa mraba ungepaswa kubeba wanaume zaidi ya 120, na wanawake na watoto hawajahesabiwa. Makuhani nao walikuwa watatu tu, Haruni na wanawe wawili waliosalia, wa kuhudumia umma wa watu zaidi ya milioni mbili.

Robert Gray, Askofu wa Cape Town, alimhukumu kwa uzushi mwaka 1863 na kumvua cheo. Mwaka 1865 Kamati ya Mahakama ya Baraza la Malkia huko London ikaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Mwaka uliofuata Gray akamtenga na Kanisa. Fitina hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuitishwa kwa mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth mwaka 1867. Si haki kuwaona wapinzani wa Colenso kuwa wajinga. Hoja yao ilikuwa nzito: Kristo alimtaja Musa kuwa mwandishi, Musa akiondolewa, neno la Kristo litasimama wapi? Colenso alijibu kwamba Kristo, kwa kuwa alikuwa mwanadamu kweli, alishiriki maarifa ya watu wa wakati wake. Jibu hilo liliwatisha wengi kuliko hesabu zote za hema.

Huko Leiden, Kuenen aliona jambo ambalo Colenso mwenyewe hakuliona. Matatizo mengi ya tarakimu yalikusanyika katika sehemu za kikuhani, ambazo wataalamu walizidhani kuwa za kale kuliko zote. Kuenen akaanza kuziona kuwa za baadaye, na njia hiyo ndiyo iliyofika kwa Wellhausen mwaka 1878.

Je, imani ya Colenso ilikufa? Mwaka 1874 alimtetea chifu Langalibalele dhidi ya serikali ya koloni, na kwa kufanya hivyo akapoteza marafiki wengi wa kizungu. Machi 1879, baada ya Waingereza kushindwa Isandlwana, alihubiri Pietermaritzburg kutoka Mika 6:8, akauliza ni wapi Waingereza walipowatendea Wazulu haki na rehema. Alifariki mwaka 1883 angali akijiita askofu.

Katika pwani yetu Ludwig Krapf alianza kufasiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, akisaidiwa na Kadhi Ali bin Mueddin. Maswali ya Kadhi yangefaa kuchunguzwa kama ya Ngidi. Naye John Mbiti, Mkenya aliyesomea Agano Jipya Cambridge, alichapisha mwaka 1971 uchunguzi wake wa mafundisho ya siku za mwisho, akiyapima kwa dhana ya wakati ya Wakamba. Mwaka 2014 ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki.